Nakuru hadi Kisumu bila kurudi na homa

Gari likishapita Salgaa na kuanza kupanda kuelekea Mau Summit, ugomvi wa dirisha huanza. Mama aliye nyuma anavuta kioo, anasema upepo unampiga mtoto. Kijana wa mbele yake anakirudisha, anasema hana hewa. Mama hushinda, kwa sababu ndani ya matatu mtoto hushinda kila kesi. Tukifika njia panda ya Londiani vioo vyote vimefungwa na vimeshika ukungu kwa ndani, na hakosi mtu mmoja anayekohoa kwenye ngumi, kisha kwa ngumi hiyohiyo anashika chuma cha kiti kilicho mbele yake.

Kwangu ni Nakuru, wakwe zangu wako Ahero, na njia hii naipita mara tano au sita kwa mwaka. Zamani karibu kila nikirudi nilikuwa na mafua, na lawama zote nikizitupia baridi ya Kericho. Siku moja niliuangalia ule ukungu wa kioo vizuri, nikaelewa. Ile ni pumzi yetu sote kumi na wanne. Kiasi kimetua kwenye kioo, kilichobaki tunakivuta.

Yafuatayo ndiyo nifanyayo sasa, kwa mpangilio wa safari yenyewe. Mimi si mhudumu wa afya. Ni msafiri aliyechoka kuugua, na ambayo sikuyajua niliwauliza wanaoyajua.

Kabla ya yote: unaposema homa, unasema nini?

Kwetu mtu akipiga chafya mara mbili ana homa. Akitetemeka kwa malaria, ana homa. Mtoto akichemka usiku bila sababu inayojulikana, ana homa. Neno moja linabeba mizigo mitatu, na katika safari hii hasa, ya kutoka mlimani kushuka ziwani, neno hilo linaweza kukuponza. Nitalirudia mwishoni, maana liliniponza mimi.

Kwa sasa tuseme hivi. Mafua ya kawaida huja polepole: pua inawasha, koo linakwaruza, unaendelea na kazi huku ukilalamika. Homa ya mafua, yaani influenza, huja ghafla. Asubuhi uko sawa, jioni mwili umewaka, kichwa kinagonga, mifupa inauma kana kwamba umebeba magunia ya viazi ya Molo siku nzima, na kikohozi ni kikavu. Yote mawili huletwa na virusi, na virusi hivyo hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa kukohoa, kupiga chafya, hata kuongea, na kwa mikono. Baridi yenyewe haizai kirusi. Ubaya wake ni kwamba inatufanya tufunge madirisha. Na kwa kuwa Kenya haina majira kamili ya theluji ya kusema sasa homa imekuja, sasa imeondoka, influenza huzunguka mwaka mzima, ikipanda na kushuka. Usisubiri Julai ndipo ujihadhari.

Wiki mbili kabla: chanjo

Chanjo ya influenza ipo, na hurudiwa kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika sura. Shirika la Afya Duniani hukaa mara mbili kwa mwaka kuchagua aina za kuwekwa kwenye chanjo, Februari kwa nchi za kaskazini ya dunia na Septemba kwa nchi za kusini. Mwili huhitaji kama wiki mbili baada ya sindano ili ujenge kinga, kwa hiyo kuchanjwa asubuhi ya safari ni kujifariji tu. Huwezi kuikuta katika kila zahanati. Piga simu kwanza, ulize kama wanayo na ni pesa ngapi, ndipo upande boda kwenda huko.

Kama una mimba, pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au unaishi na virusi vya Ukimwi, au umepita miaka 65, au una mtoto mdogo aliyefikisha miezi sita, hatua hii usiiruke. Wengine mnaweza kuamua wenyewe. Mimi huchanja, kwa sababu ya mama mkwe kuliko kwa sababu yangu.

Usiku wa kuamkia safari

Lala. Pakia mapema ulale. Kisha weka hivi kwenye mkoba mdogo utakaokaa nao mapajani, si kwenye begi litakalotupwa buti: barakoa tatu za hospitali (nitaeleza kwa nini tatu), sanitaiza yenye alkoholi isiyopungua asilimia 60, tishu, chupa ya maji, leso nzito na peremende za tangawizi. Kwenye begi kubwa weka neti, panadoli na kipimajoto kama unacho.

Na kama usiku huo tayari mwili umewaka, usisafiri. Najua kuna matanga, kuna ruracio ya kupeleka mahari, kuna mkutano wa shule. Mwenye influenza huanza kuambukiza siku moja kabla ya kujisikia mgonjwa, na huendelea kwa siku tano hadi saba. Ngoja angalau homa iishe saa 24 bila kutumia dawa ya kuishusha.

Stejini

Hapa ndipo watu wengi huambukizwa wakidhani safari bado haijaanza. Gari linangoja kujaa. Dakika arobaini, saa nzima, abiria wameketi kimya, milango imefungwa nusu, vioo vimefungwa kabisa kwa sababu wachuuzi wanasumbua. Gari lililosimama halina hata ule upepo wa mwendo.

Usikae ndani. Weka mkoba wa nguo kwenye kiti, umwambie kondakta.

"Konda, nishikie hapo dirishani. Niko hapa nje."

"Sawa, mama, lakini likijaa ukiwa mbali naita mwingine."

Simama mahali anapokuona. Kabla ya kuchagua kiti, jaribu kioo chake. Matatu nyingi zina vioo viwili vitatu vilivyokwama miaka, na hutaki kugundua hilo ukiwa Mau Summit. Chagua kiti chenye kioo kinachosogea, ukae mwenyewe upande wa dirisha. Ukishika funguo ya dirisha wewe ndiye serikali.

Nauli lipa kwa simu ukiweza. Niliwahi kumwangalia kondakta mmoja akirudisha chenji: alilamba kidole gumba, akatenga noti ya mia mbili, akalamba tena, akatenga ya mia, akanikabidhi zote mbili zikiwa na unyevu. Kwenye karatasi na nguo kirusi cha influenza hakidumu sana, ni saa chache. Kwenye chuma na plastiki kinaweza kufika siku moja hadi mbili. Kwa hiyo noti, chuma cha kiti, kitasa cha mlango, vyote vichukulie kwamba vimeshikwa na mgonjwa. Kuvishika si hatari. Hatari ni mkono huo kwenda jichoni, puani au mdomoni, na mkono wa binadamu huenda huko bila kuagizwa. Paka sanitaiza ukishalipa na kuketi, usugue mpaka ikauke yenyewe. Usiipanguse kwenye suruali.

Ndani ya gari

Nyote mnakumbuka 2020, matatu ya abiria 14 ilipokuwa ikibeba 8 na kila steji ina tanki la maji na sabuni. Viti vilirudi kujaa, matangi yakakauka, mengine sasa yanauza supu. Hatuwezi kuwadai wenye magari viti vitupu, ila hewa tunaweza kuidai, maana haina nauli.

Sheria yangu ni vidole viwili. Kioo kimoja mbele na kingine nyuma, upande wa pili, vyote vikiachwa wazi upana wa vidole viwili. Hewa inaingia huku, inatokea kule, na hakuna anayeganda. Ukifungua kimoja tu, upepo unampiga mtu mmoja shingoni na ugomvi unarudi. Ukifungua viwili vya pande tofauti, gari zima linapumua.

Namna ya kuomba ndiyo kazi. Ukisema "fungueni, mtatuambukiza," umeshindwa. Safari iliyopita nilikaa mbele ya mama mwenye mtoto wa kama miezi minane, amefungwa kofia, soksi na blanketi mbili.

"Mama Baby, nikifungua hiki changu kidogo, upepo utanipiga mimi. Kwa mtoto haufiki. Na akipata hewa safi atalala."

"Lakini ana kifua."

"Basi chukua leso hii umfunike upande wa huku."

Alichukua leso. Mtoto alilala kabla ya Kericho. Sisemi ni hewa iliyomlaza; watoto hulala kwenye gari. Lakini kioo kilibaki wazi.

Barakoa vaa ukiona gari limejaa na hewa ni nzito, na uifunike pua pia. Inayoning'inia kidevuni ni pambo. Siku hizi ukivaa watu hukutazama kama wewe ndiye mgonjwa. Waache wakutazame, wengine hata watakuachia nafasi. Sasa zile mbili za ziada: moja ni yako, hii ikilowa. Nyingine ni ya jirani anayekohoa, kwa sababu barakoa hufanya kazi kubwa zaidi ikiwa usoni mwa anayetoa virusi kuliko wa anayevipokea. Mimi huanza na peremende. "Pole sana na hicho kikohozi. Chukua hii inyonye." Baada ya kilomita kadhaa ndipo barakoa inafuata, "na hii pia ninayo ya ziada, vumbi la huku ni jingi." Vumbi ni uongo mdogo. Sijawahi kukataliwa.

Ukikohoa wewe, kohoa kwenye kiwiko au kwenye tishu. Tishu iliyotumika ina mfuko wake wa plastiki.

Kuhusu maji: wengi wetu hatunywi njiani kwa kuogopa haja ndogo, kwa kuwa dereva hasimami mpaka atake yeye. Tunafika koo limekauka kama karatasi na kichwa kinauma, kisha tunasema tumeshikwa na homa. Kunywa kidogokidogo, umwambie konda mapema kwamba Kericho mnasimama dakika tano. Na hapo Kericho ukinunua mahindi ya kuchoma, nawa kwanza kwa sabuni, kama sekunde ishirini, kucha pamoja. Sanitaiza haifanyi kazi vizuri kwenye mkono wenye mafuta au uchafu. Usipopata maji, shika hindi kwa maganda yake.

Mkishuka kufika Awasi, joto linapanda, vioo vinafunguliwa vyote na hakuna anayekumbuka kwamba mlinuniana.

Ukifika bomani

Boma la wakwe Ahero halisalimiwi kwa kupunga. Unaanza kwa wazee waliokaa chini ya mwembe, mkono kwa mkono, halafu kina mama jikoni, halafu watoto wote wa jirani. Kwa hiyo nawa kabla ya kusalimu. Naomba maji mara tu nikishuka kwenye boda, na hakuna anayeona ajabu. Mgeni ametoka njia ndefu.

Nikiwa na dalili yoyote, nasema wazi. Mara ya kwanza niliogopa kwamba itaonekana dharau.

"Mama, leo nakusalimu kwa mbali. Nina mafua."

Mama mkwe ana miaka sabini na kitu. Alicheka. "Nyar Nakuru," yaani binti wa Nakuru, "mafua umeyatoa huko kwenu kwenye baridi. Kaa hapo kwenye upepo. Chai utaletewa." Tangu hapo yeye ndiye anayewakataza wengine.

Kwenye matanga, ambako wengi wetu ndiko tunakokwenda tukielekea magharibi, hema la nje halina shida kubwa, kuna hewa. Shida iko mahali pawili. Kwanza ni kulala, watu kumi na wawili kwenye chumba kimoja kilichofungwa hadi tundu la ufunguo. Ukiweza lala karibu na mlango, dirisha liwe wazi na neti iwe imefungwa. Pili ni beseni la kunawa. Mtu akikumiminia maji kwa jagi, hayo ni maji yanayotiririka, nawa kwa raha. Lakini beseni likipitishwa kwa wageni kumi na kila mmoja anachovya mikono, wa kumi ananawa mikono ya tisa. Omba umiminiwe. Taulo la pamoja liache, kung'uta mikono ikauke.

Usiku: neti, hata kama ulikuja kwa ajili ya mafua

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Katika mteremko huo umetoka sehemu ambayo malaria ni haba na kuingia ukanda wa ziwa ambako ipo mwaka mzima. Ahero kuna mashamba ya mpunga, maji yamesimama, na mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Neti iliyotiwa dawa ndiyo kitanda chako. Ichomeke chini ya godoro kabla giza halijaingia.

Mume wangu husema yeye amezaliwa hapo, damu yake imezoea. Ilikuwa imezoea. Kinga ya aliyekulia kwenye malaria hupungua akikaa miaka mbali nayo, na watoto wetu waliozaliwa Nakuru hawakuwahi kuwa nayo. Kwa mjamzito na mtoto mchanga, zungumza na daktari kabla ya kuondoka, uulize pia kuhusu dawa za kuzuia.

Homa ikija

Sasa lile neno. Likizo moja ya Aprili tulirudi Nakuru kutoka Ahero sote wazima. Siku ya kumi mwanangu, alikuwa na miaka saba, akaanza kuchemka, kichwa kinamuuma, anakohoa kidogo. Nilikwenda kemisti moja ya karibu nikasema, "Mtoto ana homa." Aliyekuwa kaunta akajibu kwamba homa imezagaa mtaani, akanipa dawa ya kikohozi na chupa ya antibayotiki. Hakuniuliza kitu. Na mimi sikumwambia kitu. Usiku wa pili mtoto alitapika hata maji. Hospitalini nesi aliuliza swali moja kabla hajashika kipimajoto, "Mmesafiri?" Alimtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kile kipimo kidogo cha plastiki, tukangoja. Mistari ikawa miwili. Malaria.

Kwa hiyo ukirudi, andika tarehe za safari kwenye simu au kalenda ya jikoni. Influenza huonekana siku moja hadi nne baada ya kuambukizwa, mara nyingi ya pili. Malaria huchukua wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine mwezi. Homa ya siku ya pili yaelekea ilipanda nawe garini. Ya siku ya kumi, mshuku mbu. Huo ni mwelekeo tu. Aliyetoka ukanda wa ziwa akishikwa na homa, siku yoyote, apimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama anapiga chafya.

Ikithibitika si malaria na dalili ni za mafua, pumzika, kunywa maji na supu, shusha homa kwa panadoli kwa kipimo kilichoandikwa. Antibayotiki haiui kirusi. Mtoto usimpe aspirini. Maji ya tangawizi, ndimu na asali yanatuliza koo vizuri sana na sijaacha kuyanywa, ila asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kujifukiza na sufuria ya maji yanayochemka mimi nimeacha, na mtoto usimfukize kabisa, sufuria hupinduka. Kuna dawa ya virusi vya influenza iitwayo oseltamivir, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, na daktari ndiye anayeamua nani anaihitaji. Walio katika lile kundi la hatari wasilale nyumbani siku tatu wakijiangalia.

Nenda hospitali bila kungoja asubuhi kama mgonjwa anapumua kwa shida, kifua kinauma, amechanganyikiwa, au homa ilishuka kisha ikarudi kwa nguvu. Kwa mtoto, tazama kama hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea hazinduki vizuri, au kifua kinabonyea anapovuta hewa. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi miwili hadi kumi na miwili akifika 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, anapumua haraka mno na huenda ni nimonia.

Na ukifika kaunta, usiseme "nina homa" ukanyamaza. Sema: "Mwili una joto tangu Jumanne. Nilikuwa Ahero siku kumi zilizopita, usiku mmoja sikulala kwenye neti. Nipime malaria kwanza."